Kulilia Katuni za Jumamosi: Sarafu, Hadithi na Hadhira ya Marekani ya Miaka ya 1980

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa uhakiki tuna ugonjwa mmoja. Tukikuta watu wazima wanakililia kitu ambacho kwa vipimo vyetu ni kibovu, tunacheka, kisha tunapita. Makala hii inakusudia kusimama pale tulipocheka.

Huko Marekani wapo watu wengi, sasa wana umri wa miaka hamsini hivi, ambao ukiwatajia Pac-Man, Q*bert au Donkey Kong watakwambia habari za Jumamosi asubuhi. Watakwambia walivyoamka kabla ya wazazi, wakakaa chini sebuleni na bakuli la nafaka na maziwa, wakawasha televisheni kutazama katuni zilizotokana na michezo ya video ya kwenye mashine za sarafu. Wanazililia katuni hizo kama vile mtu anavyomlilia nyanya yake. Basi wahakiki wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: hayo yalikuwa matangazo ya biashara, tena yaliyochorwa kwa haraka, na anayeyalilia analilia duka. Upande wa pili unasema: ya kale ni dhahabu, waacheni watu na utoto wao.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinaitazama kazi na kumsahau aliyeketi mbele yake. Tutajaribu kuonyesha kuwa historia ya katuni hizi ni historia ya hadhira: ilikuwa na nafasi yake, ikanyang'anywa, ikarudishiwa kidogo kwa masharti ya mfanyabiashara, na mwishowe ikajichukulia yenyewe. Kinacholiliwa ni hiyo hadhira.

Msomaji atauliza, sisi tunaingiaje humo? Kwa kweli sisi wa Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994, hatuna msiba katika matanga haya. Lakini somo la fasihi simulizi limetupa zana ambazo wenyewe huko hawazitumii sana: fanani, hadhira, utendaji. Tuzitumie.

Mashine isiyo na hadithi

Tuanze na mashine. Pac-Man ilitolewa Japani na kampuni ya Namco mwaka 1980, na mbunifu wake ni Toru Iwatani. Mwaka huohuo Midway iliiingiza Marekani. Jina la kwanza lilikuwa Puck Man, likabadilishwa kwa ajili ya soko la Marekani kwa kuhofia vijana watundu wasije wakaikwaruza herufi ya kwanza na kuifanya tusi. Iwatani amewahi kueleza kuwa kumbi za michezo zilikuwa zimejaa wanaume na risasi, naye alitaka mchezo ambao wasichana nao wangeupenda, akauweka juu ya jambo la kula.

Sasa, ndani ya Pac-Man kuna nini? Kuna duara la njano lenye kinywa. Linapita vichochoroni likila vidoa. Mizuka minne inalifukuza. Likila kidonge kikubwa, mambo yanageuka kwa sekunde chache: mkimbizi anakuwa mkimbizaji. Basi. Ukimaliza vidoa, vinarudi vyote na mwendo unaongezeka. Duara halina kwao, halina nia, wala hakuna anayejua kwa nini linakula. Katika Frogger (1981) chura anavuka barabara na mto. Katika Q*bert (1982) kiumbe mwenye pua ndefu anarukaruka juu ya piramidi ya vijumba akivibadilisha rangi. Donkey Kong ya Nintendo (1981), iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, ndiyo iliyokuwa na kisa walau kidogo: sokwe kamteka mwanamke, fundi seremala anapanda majukwaa kumwokoa.

Mhakiki mvivu atasema hii ni fani isiyo na maudhui. Lakini hebu tumtazame mchezaji. Ametia robo dola, ameshika kijiti, na nyuma yake wamesimama wenzake wakingoja zamu, wengine wakimshangilia, wengine wakimzomea. Kila sarafu ni utendaji mpya, na hakuna utendaji unaofanana na mwingine. Mchezaji ni fanani kwa wale waliosimama nyuma yake, tena ni hadhira ya mashine. Hadithi iko mikononi mwake. Akirudi nyumbani husimulia: "Nilikuwa nimebakiwa na uhai mmoja, mizuka miwili huku, miwili kule..." Mhusika wa kisa hicho ni "mimi". Tulishike jambo hilo, maana ndilo litakalopotea.

Hadithi kuukuu kwa kitu kipya

Tarehe 25 Septemba 1982 stesheni ya ABC ilianza kuonyesha katuni ya Pac-Man iliyotengenezwa na Hanna-Barbera. Waandishi walikabiliwa na kazi ngumu, nayo ni kulipa duara maisha. Walifanya nini? Walikwenda kabatini kwao. Hanna-Barbera ndio waliotengeneza The Flintstones mwaka 1960, familia ya mijini iliyovishwa ngozi za watu wa mapangoni. Basi na duara likapewa mke aitwaye Pepper, mtoto mchanga, mbwa na paka. Likapewa mji unaoitwa Pac-Land. Mizuka ikawa mitano, ikapewa bwana wa kuituma, Mezmaron, ambaye haja yake ni kuupata msitu wanakotoka vidonge vya nguvu. Kile ambacho kwenye mashine kilikuwa hofu tupu sasa kikawa mgogoro wa mali: mtu mmoja ana msitu, mwingine anautaka. Na yule mwanamke ambaye Iwatani alimtaka aje ukumbini kucheza, katika katuni kawekwa nyumbani kuwa mke na mama.

Mafanikio ya katuni hiyo yaliwafungulia njia wengine. Tarehe 17 Septemba 1983 CBS ilianza Saturday Supercade ya kampuni ya Ruby-Spears, kipindi kimoja chenye visa vya michezo mbalimbali: Donkey Kong, Donkey Kong Jr., Frogger, Q*bert, na Pitfall!, ambao wenyewe ulikuwa mchezo wa mashine ya nyumbani ya Atari. Mwaka wa pili Frogger na Pitfall! wakaondolewa, wakaingia Kangaroo na Space Ace. Mwaka 1984 CBS ikaongeza Pole Position, ambayo kwenye mashine ilikuwa mbio za magari tu, na kwenye televisheni ikawa habari ya vijana wanaopambana na wahalifu kwa magari yanayosema.

Tutazame walivyovikwa. Donkey Kong si mtekaji tena, ni sokwe aliyetoroka sarakasi, na Mario na Pauline wanamkimbiza huku na huku. Hiyo ni mbinu ya vichekesho vya mkimbizano, ya zamani kuliko sinema yenye sauti. Sauti ya Mario ni ya Peter Cullen, yuleyule ambaye mwaka 1984 alikuja kuwa Optimus Prime katika Transformers. Frogger kafanywa mwandishi wa gazeti la bwawani. Pitfall Harry ni yule mvumbuzi mwenye kofia anayeingia msituni kutafuta hazina, na sisi tuliosoma vitabu vya wapelelezi wa karne ya 19 tunamfahamu vizuri, hatuhitaji kutambulishwa.

Lakini mfano ulio bora zaidi ni Q*bert. Kwenye mashine alikuwa hana mahali, anaelea gizani juu ya vijumba vyake. Katika Supercade anaishi katika mji uitwao Q-Burg, naye ni kijana wa shule wa miaka ya 1950, na nyoka Coily kawa mbabe wa mtaa. Kwa nini miaka ya 1950? Kwa sababu tangu 1974 Wamarekani walikuwa wakitazama Happy Days kwenye ABC, mchezo uliowarudisha katika miaka hiyo, na ulikuwa bado unaendelea. Yaani mwaka 1983 kitu kipya kuliko vyote katika nchi ile, mashine ya kompyuta ya kuchezea, kilipelekwa kwa watoto kikiwa kimevikwa koti la zamani la baba zao.

Hapa ndipo wanaosema "ya kale ni dhahabu" wanapojikwaa. Kale wanayoililia ilikuwa nayo inalilia kale nyingine. Mtoto wa 1983 alifundishwa kutamani miaka ambayo yeye hakuwapo, na leo anaitamani Jumamosi aliyofundishiwa. Hatusemi hivi ili kumcheka. Tunasema hivi kwa kuwa, kama yaliyomo yalikuwa ya kuazima, hapana budi kilicho chake tukitafute kwingine.

Aidha, hadithi hizi hazikukaa televisheni tu. Mwaka 1984 Namco ilitoa mchezo wa sarafu uitwao Pac-Land uliofuata katuni ya Hanna-Barbera. Mwaka huohuo Pitfall II ikawaingiza ndani ya mchezo Rhonda na Quickclaw, mpwa wa Harry na simba wake mwoga, ambao walizaliwa katika Supercade. Kisa kilitoka kwenye mashine, kikaenda kwenye televisheni, kikarudi kwenye mashine kikiwa kimeota mkia. Mwenye kusoma fasihi simulizi hashangai: ndivyo visa vinavyotembea.

Swali kabla ya tangazo

Tuliacha jambo moja kiporo. Mchezaji alikuwa na kijiti mkononi. Mbele ya katuni mikono yake haina kazi. Yule "mimi" wa kisa kawa "yeye", na yeye huyo hawezi kufa, maana wiki ijayo lazima awepo. Ukumbini, kosa lako lilikuwa na gharama ya robo dola. Sebuleni huwezi hata kukosea. Hiki ndicho tulichokiita kunyang'anywa nafasi.

Kuna katuni moja iliyojaribu kuirudisha. Dragon's Lair (1983) ilikuwa mashine ya ajabu. Badala ya vidoa na vijumba ilionyesha katuni kamili iliyochorwa na Don Bluth, mchoraji aliyetoka Disney mwaka 1979 na wenzake. Picha zilikuwa katika sahani ya mwanga wa leza, na mashine nyingi zilidai nusu dola badala ya robo. Mchezaji alimwongoza askari Dirk kwa kuchagua wakati hasa: kushoto, kulia, au upanga. Akichelewa, anatazama Dirk akifa. Mwaka 1984 ABC na Ruby-Spears waliifanya katuni ya televisheni, sehemu 13 tu. Nao waliona tatizo letu. Kila ilipokaribia zamu ya matangazo, Dirk akiwa taabani, msimulizi aliwauliza watazamaji: ungekuwa wewe ungefanya nini? Matangazo yakapita. Baada yake wakaonyeshwa matokeo ya kila chaguo, yaani jinsi Dirk ambavyo angeangamia kwa chaguo baya, ndipo hadithi ikaendelea.

Ndugu msomaji, mbinu hii tunaijua. Bibi anayesimulia husimama mahali patamu, akawatazama wajukuu, akasema: "Haya, mnadhani Sungura akafanyaje?" Watoto wakapiga kelele, kila mmoja na lake. Bibi akachukua moja, akalicheka jingine, na pengine hadithi ikapinda kidogo usiku ule kwa sababu ya mtoto mmoja mtundu. Dragon's Lair inauliza swali lilelile, lakini kuna tofauti mbili ambazo mhakiki hana ruhusa ya kuziruka. Kwanza, jibu lilikwisha chorwa miezi kadhaa kabla, na mtoto akipiga kelele sauti yake inaishia ukutani. Pili, kimya cha bibi ni cha kumsubiri mtoto, na kimya cha televisheni ni cha kumsubiri mwenye bidhaa. Swali lilikuwa chambo cha kumfanya mtoto asiinuke wakati wa tangazo.

Hatuwezi kulielewa hilo bila sheria za wakati ule. Mwaka 1969 ABC ilionyesha katuni ya Hot Wheels, yenye jina la vigari vya kuchezea, na tume ya serikali inayosimamia mawasiliano (FCC) ikaona kuwa kipindi kizima ni tangazo. Chini ya utawala wa Reagan upepo uligeuka. Mwaka 1984 tume hiyohiyo iliondoa miongozo yake ya kikomo cha matangazo katika vipindi vya watoto. Peggy Charren na chama chake cha Action for Children's Television, kilichoanzishwa mwaka 1968, walipiga kelele kwa miaka mingi. Sheria iliyopitishwa na bunge mwaka 1988 Reagan alikataa kuitia saini. Ilibidi ingojwe sheria ya mwaka 1990, iliyoweka kikomo cha dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa siku za mwisho wa wiki na dakika 12 siku za kazi. Kwa hiyo upande wa wahakiki wakali haukukosea: hawa watoto waliuzwa. Katuni ilimuuza mchezo kwa mtoto, na stesheni ikamuuza mtoto kwa wenye nafaka.

Hata hivyo swali likishaulizwa haliwezi kurudishwa mdomoni. Ndugu wawili wamekaa sakafuni, Dirk yuko taabani, mmoja anasema "ruka", mwingine anasema "upanga". Wanabishana muda wote wa matangazo. Nani anasikiliza tangazo hapo? Mfanyabiashara alinunua kimya, akapata ubishi. Hicho ndicho kitu ambacho hakikuchorwa na Ruby-Spears wala hakikuazimwa kutoka miaka ya 1950. Hicho ni cha watoto wenyewe.

Nani aliyetunza?

Mwisho ulikuja upesi. Biashara ya michezo ya video ya nyumbani huko Marekani, iliyokuwa na mapato ya dola bilioni 3 hivi mwaka 1983, inakadiriwa kuporomoka hadi dola milioni 100 hivi mwaka 1985. Septemba 1983 Atari ilizika shehena ya kaseti za michezo yake katika jalala la Alamogordo, New Mexico. Supercade ilitoka hewani mwaka 1985. Ni kweli Nintendo ilirudi na katuni nyingine mwaka 1989, The Super Mario Bros. Super Show! na Captain N, lakini hizo zilitokana na mashine za nyumbani, na ukumbi wa sarafu haukuwa tena kitovu. Kisha Jumamosi yenyewe ikafa. NBC iliacha katuni za Jumamosi mwaka 1992, wengine wakafuata mmoja mmoja, na Septemba 2014 stesheni ya CW ikazima safu ya mwisho ya aina ile. Kwa sadfa, Aprili ya mwaka huohuo wa 2014 zile kaseti za Alamogordo zilifukuliwa.

Sasa tujiulize, Supercade iko wapi? Haijawahi kuuzwa ikiwa nzima. Wahusika wake ni mali ya kampuni mbalimbali, na filamu ni mali ya wengine, na kuwakutanisha wote mezani kwa ajili ya katuni ya miaka 40 ni shughuli isiyolipa. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo kinatokana na kanda za video za majumbani. Mtu alirekodi Jumamosi moja, kanda ikakaa kabatini, ikapona mafuriko na kuhama nyumba, ikanakiliwa, ikapita mkono kwa mkono. Picha zina michirizi, sauti inayumba, na katikati yamo matangazo ya siku ile, kwani aliyerekodi hakuwahi kubonyeza kitufe.

Yakumbukwe pia yaliyotokea mahakamani. Mwaka 1982 kampuni ya Universal iliishtaki Nintendo kwamba Donkey Kong ni wizi wa King Kong. Ilishindwa. Miaka michache tu kabla yake Universal hiyohiyo ilikuwa imedai mahakamani kuwa kisa cha King Kong hakina mwenyewe, ili nayo itengeneze filamu yake. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikaafiki ushindi wa Nintendo. Yaani sokwe aliyepanda jengo na mwanamke mkononi ni kisa cha wote pale kampuni inapokitaka, na ni mali binafsi pale mwingine anapokitaka. Kampuni zinagombea umiliki. Utunzaji ni neno jingine kabisa, nao umefanywa na hadhira.

Baada ya hapo wenye mali wamerudi. Filamu ya Wreck-It Ralph ya Disney (2012) ilimweka Q*bert hohehahe asiye na mashine. Pixels (2015) iliwarudisha Pac-Man na Donkey Kong wakiwa wavamizi. Filamu ya Mario ya mwaka 2023 ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Machozi nayo yamekuwa bidhaa: mtoto aliyeuziwa mwaka 1983 anauziwa tena akiwa na wajukuu. Ila kuna kitu ambacho filamu hizo haziwezi kukiuza, nacho ni saa. Mwaka 1983 hukuweza kuitazama Supercade Jumanne. Uliitazama Jumamosi au uliikosa, na Jumatatu shuleni kila mtu alikuwa ameona kilekile. Leo mtu anaweza kutazama chochote saa yoyote peke yake, na anashangaa mbona hakina ladha ileile.

Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba michezo ya sarafu ilimpa mchezaji nafasi ya fanani, na katuni zikaichukua zikimwachia hadithi kuukuu. Pili, kwamba Dragon's Lair iliirudisha nafasi hiyo kwa masharti ya tangazo, na watoto wakaivunja masharti kwa ubishi wao. Tatu, kwamba kazi ambayo wenye mali hawakuona faida kuitoa imefika kwetu kwa mikono ya hadhira.

Wapo watakaosema tumekipa heshima kisichostahili. Hatujasema Saturday Supercade ni kazi nzuri. Sehemu nyingi zinachosha, na vichekesho vyake vinarudiwarudiwa. Tunachosema ni kwamba kuuliza "kazi hii ni nzuri?" halafu kufunga daftari ni nusu ya uhakiki. Nusu nyingine ni kuuliza nani aliketi na nani kuisikiliza, nani alilipa ili waketi, na nani aliitunza walipoinuka. Maswali hayo yakiulizwa, anayelia haonekani mjinga tena. Anamlilia ndugu yake aliyesema "ruka" naye akasema "upanga".

Na sisi tusijione tuko mbali. Majumbani mwetu zimo kaseti ambazo mtu alirekodi mchezo wa redio kwa kuweka kinasa sauti mezani, na ndani yake unasikia mlango ukifunguliwa, mtoto akikohoa, mtu akicheka kabla ya mzaha kwisha. Mhakiki akipewa kaseti kama hiyo asiombe iliyo safi. Kile kikohozi nacho akisikilize.